Kalenda Tatu, Mtaro Mmoja

Mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam huenda mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mwaka wa fedha wa manispaa huanza Julai 1, na kilichomo kwenye bajeti yake kilishapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata miezi mingi kabla. Zipange kalenda hizo tatu mezani, utaona kwa nini utafiti wa mafuriko unaweza kuzaa ripoti nzuri na mtaro ukabaki vilevile. Wapimaji wanakuta mtaro umekauka. Ripoti inatoka bajeti imeshafungwa. Mvua ikija, wanafunzi wako darasani.

Ushirikiano wa vyuo na mitaa ya mabondeni si jambo geni jijini. Tandale ilichorwa 2011 na wakazi wake wakisaidiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa uchoraji ramani wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia kata moja baada ya nyingine pamoja na wakazi, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro na makalavati kwenye ramani ya bure ya OpenStreetMap. Kwa hiyo swali la kama inawezekana lilishajibiwa. Kinachofaa kuandikwa sasa ni pale kazi inapokwamia, kwa sababu inakwamia palepale kila mara.

Tuanze na barua. Barua ya utambulisho hutoka kwa makamu mkuu wa chuo kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, kwa mkurugenzi wa manispaa, kwa mtendaji wa kata, ndipo ifike mtaani. Kila kituo kina muhuri wake. Ukitenga wiki moja kwa safari hiyo umejidanganya. Tenga wiki tatu, na nakala za kutosha kumwachia kila ofisa moja. Mafunzo kwa vitendo yana wiki 8 tu, na barua ikianza kutembea siku wanafunzi wanaporipoti, wiki tatu za kwanza zinaishia kwenye mabenchi ya ofisi. Ianze kutembea Mei.

Barua ikifika, usidhani umefika wewe. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zilivunjwa katika Bonde la Msimbazi, na kabla ya tingatinga ilitangulia alama ya X nyekundu ukutani. Mkazi wa Hananasif au Kigogo akiona vijana wenye fulana zinazofanana, mmoja ana simu, mwingine ana futi, wa tatu anaandika namba, hasubiri maelezo. Anajua kinachofuata baada ya namba. Kwa hiyo vitu viwili havifanywi kabisa: hakuna kuandika chochote ukutani, hata kwa chaki, na hakuna kupiga picha mlango wa mtu kabla ya kuongea naye. Namba ya nyumba inakaa kwenye karatasi ya mpimaji. Na kabla ya kupima, mkutano wa mtaa usomewe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaojibu maswali manne: nani anapima, anapima nini, matokeo yatakaa wapi, na nini hakitaandikwa. Ukurasa wa pili hausikilizwi, jua limeshakuwa kali.

Anayewatembeza wapimaji kwa kawaida ni mjumbe. Anajua mipaka ya shina lake kuliko ramani yoyote, na bila yeye milango haifunguki. Ila ikumbukwe kwamba mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, na si kila mwenye nyumba katika shina ni wa chama hicho. Timu ya watu wanne inafaa zaidi kuliko ya wawili: wanafunzi wawili, mkazi aliyependekezwa na mjumbe, na mkazi mwingine aliyechaguliwa na wenzake kwenye mkutano. Angalau mmoja wa wakazi hao awe mwanamke, kwa sababu habari za choo, za maji ya kunywa na za mtoto aliyeharisha baada ya mvua hazitolewi kwa vijana watatu wa kiume waliosimama mlangoni.

Posho iwe moja. Mwanafunzi akilipwa posho ya siku na mkazi akapewa soda na asante, siku ya tatu mkazi atakuwa na kazi nyingine, na ana haki. Walipwe sawa, kwa simu, jioni ileile, moja kwa moja kwa mhusika. Fedha ikipitia mkononi mwa mtu wa tatu, hata awe mwaminifu namna gani, manung'uniko hayakosi.

Kisha saa. Timu ikiingia mtaani saa 4 asubuhi inakutana na wastaafu, wenye nyumba, na mama lishe wenye haraka. Wapangaji waliondoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala. Kasoro hii haionekani kwenye takwimu, maana fomu zinajaa vizuri tu, lakini zimejazwa na watu wa aina moja. Na mwenye nyumba ana sababu zake za kupunguza maji: akisema yalifika kiunoni, chumba hakitapata mpangaji, na pengine nyumba yenyewe itapata X. Mpangaji hana cha kuficha, ila huenda alihamia mwezi uliopita. Dawa yake ni watu wawili kwa kila nyumba, mmoja mwenye nyumba na mmoja mpangaji aliyekaa masika yasiyopungua mawili, na siku za kazi ziwe Jumamosi, Jumapili na jioni baada ya saa 11.

Hapo pia ndipo inapovunjika tabia ya kuhesabu mapaa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, picha ya droni inaiona paa moja. Ndani yake zaweza kuwemo kaya sita zinazotumia choo kimoja na bomba moja la uani. Ukizidisha mapaa kwa wastani wa watu wa kaya, umefuta familia tano kwa kila paa, na waliofutwa ni wapangaji, ambao vitanda vyao ndivyo vinavyoelea.

Sasa ramani yenyewe. Simu ya kawaida, katikati ya vichochoro na mabati, inakosea mahali kwa mita 5 hadi 10 au zaidi. Nyumba za Tandale au Manzese zinaachana mita moja au mbili. Maana yake nukta ya nyumba yako inaangukia kwa jirani, na nukta ya choo inaangukia barabarani. Wengine huiwekea fomu iliyomo kwenye simu sharti kwamba isikubali nukta mpaka kosa lishuke chini ya mita 5. Matokeo yake mwanafunzi anasimama kichochoroni dakika kumi akiinua simu juu kama anatafuta mtandao. Karatasi inashinda. Chapisha picha ya angani kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:500, yaani sentimita 1 ni mita 5. Ukiacha pambizo, karatasi moja inachukua mita 200 kwa 135, karibu hekta 2.7. Mtaa wa hekta 25 unahitaji karatasi 10, na 12 hadi 14 ukitaka zipandane kidogo kwenye kingo. Mkazi anaweka kidole kwenye paa lake, mwanafunzi anaandika namba, na namba hiyohiyo inaingia kwenye fomu ya simu. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali nacho kina foleni yake, kwa hiyo kama picha ya mwaka juzi ipo, anza nayo, kisha wakazi warekebishe kwa kalamu nyekundu nyumba zilizoongezeka.

Fomu yenyewe isizidi maswali 25 na dakika 12. Iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Fomu ya Kiingereza inayotafsiriwa kichwani mlangoni inazaa fomu nyingi kadiri ya idadi ya wanafunzi. Mfano mdogo: swali la kama nyumba imeunganishwa na mfumo wa majitaka. Mwenye bomba linalotoka bafuni hadi mtaroni anajibu ndiyo, na hajadanganya, bomba lipo. Uliza badala yake: maji ya bafuni yanaishia wapi? Ya chooni je? Vipimo vyote viwe sentimita, namba nzima tu, na fomu ikatae chini ya 10 na juu ya 500. Usipofanya hivyo mmoja ataandika 0.6, mwingine 60, wa tatu futi 2, na jioni hakuna anayekumbuka nani aliandika nini. Fomu zitumwe kila jioni. Ikibaki kwenye simu bila kukamilishwa ni sawa na haipo, na simu za wanafunzi huibiwa, huanguka na huuzwa.

Kwenye mtaro wenyewe ndiko kuliko na mengi. Wapimaji wengi wakifika hupima upana, kina, aina ya ukuta (zege, mawe, udongo), kisha wanaandika kama umeziba au haujaziba. Hilo la mwisho ni neno, si kipimo, na ndilo lililozaa ugomvi wa miaka kati ya mitaa na ofisi. Ofisi inasema mnatupa taka mtaroni. Mtaa unasema kalavati lenu dogo. Wote wanaonyesha chupa zilezile za plastiki zinazoelea.

Nunua nondo ya milimita 12, ikatwe mita 1.5, ichongwe ncha upande mmoja, ipakwe rangi nyekundu na nyeupe kwa kupokezana kila sentimita 10. Kila mita 20 za mtaro, pima kwanza kutoka ukingoni hadi juu ya mchanga. Kisha sukuma nondo ishuke ndani ya mchanga mpaka igonge zege. Mlio unabadilika, kutoka kukwaruza hadi kugonga, na mkono unausikia. Soma tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tope na mchanga uliolala. Kwenye mtaro wa udongo mlio haupo. Hapo tafuta kalavati la karibu na uchukue sakafu yake kama sakafu ya mtaro. Nukta moja inachukua dakika tatu au nne. Timu iliyozoea inamaliza mita 600 hadi 800 kwa siku, na itakuwa pungufu ya hapo siku ya kwanza.

Chukua mtaro wa zege wenye upana wa sentimita 60 na kina cha 80, nondo ikaonyesha mchanga wa sentimita 50. Kimebaki kina cha 30. Eneo la kupitisha maji limeshuka kutoka mita za mraba 0.48 hadi 0.18, yaani imebaki asilimia 37 na nusu. Lakini maji yanayopita yanashuka zaidi ya hapo, kwa sababu mkondo mfupi unakwaruzwa na sakafu na kuta kuliko mkondo mrefu: ukipiga hesabu za kawaida za mifereji, kwa mteremko uleule, inabaki karibu asilimia 29. Mtaro unaoonekana kuwa na nafasi ya zaidi ya theluthi moja unafanya kazi chini ya theluthi. Na mchanga wenyewe, katika mita 100 za mtaro huo, ni mita za ujazo 30. Kwa toroli la lita 60, ni toroli 500. Namba hii ya mwisho ndiyo mkutano wa mtaa huishika papo hapo, kwa sababu kila mtu anajua toroli, na kila mtu anaanza kupiga hesabu ya vibarua.

Nondo inaonyesha pia kwamba plastiki na mchanga ni magonjwa mawili. Plastiki inaziba midomo ya makalavati na nondo za chujio. Inaondolewa kwa reki na mkono, nusu siku. Mchanga ndio unaojaza urefu wa mtaro, na mara nyingi haukutupwa na mkazi yeyote wa hapo. Umeteremka na maji kutoka barabara za vumbi na viwanja vya ujenzi vilivyo juu. Ukilitambua hilo kwa vipimo, swali la nani alipe kuzibua linahama, na ofisi haiwezi tena kulijibu kwa tangazo la usafi wa Jumamosi.

Lakini usiwadanganye wakazi kwamba kuzibua kutatosha. Mtaa wa hekta 25 ukipata milimita 50 za mvua kwa saa mbili, umepokea mita za ujazo 12,500. Mapaa, sakafu na ardhi iliyoshindiliwa vinasukuma kama asilimia 80 ya hayo mtaroni, yaani 10,000. Mtaro wetu wa 60 kwa 80, ukiwa msafi, zege limechakaa kiasi na mteremko ni sentimita 30 kwa kila mita 100, unapitisha takriban 4,000 kwa saa hizo mbili. Ukiwa na mchanga wake, kama 1,200. Kuzibua kumeongeza zaidi ya mara tatu, na bado nyumba zinaingia maji. Hesabu hii haijaweka hata tone moja linalotoka mtaa wa juu uliosakafiwa. Wanafunzi hupenda kuificha sehemu hii, wakiona inavunja moyo. Isifichwe. Ndiyo inayompa mwenyekiti wa mtaa hoja ya kudai mtaro mpana zaidi na bwawa la kupunguzia kasi huko juu, wala haimzuii kuzibua uliopo kabla ya masika.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: vibarua wakizibua huuweka mchanga ukingoni, ukauke. Unakauka kweli, kisha mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Mkataba wa kuzibua uandikwe toroli zitapelekwa wapi, na lori lije ndani ya siku ngapi. Mtaa ukiwa na shimo la barabara au uwanja wa shule unaotuama maji, mchanga safi wa juu unaweza kujazia huko. Ule mweusi unaonuka usiguse uwanja wa watoto.

Maana ya ule mweusi inajulikana. Msimu wa mvua, baadhi ya nyumba hutapisha vyoo: wanatoboa ukuta wa shimo upande wa mtaro, mvua inapokuwa kubwa kinyesi kinaondoka na maji. Gari la kunyonya haliingii kichochoroni, na hata likiingia, bei yake ni ya mwenye nyumba wa barabarani. Ukiuliza mlangoni, hakuna anayetapisha. Ukiuliza kama majirani hutapisha, wote wanatapisha. Swali zuri zaidi ni la choo, si la mtu: shimo lilijaa lini mara ya mwisho, na lilipunguaje?

Kama chuo kinataka kupima maji ya mtaro au ya mto, foleni ya Dar es Salaam ndiyo adui. Sampuli ya vimelea inakaa kwenye barafu na inatakiwa maabara ndani ya saa 6. Anza saa 12 asubuhi. Anzia chini ya mkondo ukipanda juu, la sivyo miguu yako inatibua tope na tope linakufuata hadi kituo kinachofuata. Usichukue Ijumaa, kwa sababu sahani za maabara zinasomwa baada ya saa 24 na Jumamosi aliyeshika ufunguo yuko harusini. Chupa ya pili ya kila kituo haina kazi ya akiba tu: ndiyo inayokuonyesha kama majibu ya kituo kimoja yanapatana.

Kina cha mafuriko ya zamani kinapimwa kwa mwili. Usiulize mita. Uliza kama yalifika kifundo, goti, kiuno au kifua, cha nani, na akiwa amesimama wapi. Kisha mwambie aonyeshe ukutani, upime kwa futi kutoka ardhi ya nje, si kutoka sakafu ya ndani. Sakafu nyingi ziliinuliwa kwa kifusi baada ya mafuriko, nyingine zimekuwa shimo baada ya barabara kuinuliwa, na ukichanganya ndani na nje ramani yako itakuwa na vilima ambavyo havipo. Mwaka nao haukumbukwi kwa namba. Unakumbukwa kwa El Niño ya 1997 na 1998, kwa mafuriko ya Desemba 2011 ambayo baada yake baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, kwa mtoto aliyezaliwa, kwa msiba. Andika kumbukumbu ilivyosemwa, mwaka uongezwe ofisini. Na uliza swali ambalo fomu nyingi husahau: maji yalikaa siku ngapi? Maji ya kiunoni yaliyoondoka alfajiri yanaharibu godoro. Ya gotini yaliyokaa siku nne yanaharibu ukuta, choo na afya ya nyumba nzima.

Mvua ipimwe na mtaa wenyewe, kwa kuwa chuo hakitakuwepo. Kopo lenye mdomo wa sentimita za mraba 200 linatosha: kila mililita 20 ni milimita 1 ya mvua. Liwekwe wazi, mbali na paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha paa hilo. Lisomwe saa 3 asubuhi kila siku, saa ambayo vituo vya hali ya hewa navyo husoma, liandikwe daftarini, limwagwe. Makosa mawili yanajirudia. La kwanza, kutoandika siku isiyo na mvua, hivyo hujui kama ilikuwa sifuri au msomaji alisafiri. La pili, kopo kuhamishiwa chini ya mwembe ili lisiibiwe. Toa makopo matatu katika mashina matatu, yajisahihishe yenyewe.

Baada ya kupima, kuna suala la nani anashika kilichopimwa. OpenStreetMap iko wazi kwa kila mtu, na kila mtu ni pamoja na anayetaka kuuza kiwanja, anayekopesha, na anayepanga kuvunja. Mitaro, makalavati, barabara, visima vya umma, misikiti na makanisa, hayo yawekwe wazi, yana faida kwa wote. Kina cha maji kwa nyumba moja moja, choo kinachotapika, jina la mpangaji, hayo yasiwekwe. Yajumlishwe kwa shina, na orodha ya nyumba ibaki kwenye kabati la mtaa kwa karatasi, na kwa mtu mmoja chuoni aliyetia saini. Pande zote zikubaliane hivyo kabla ya kupima. Baada ya kupima kila mtu ana haraka.

Nairobi ilikwenda hatua ambayo miradi ya vyuo huikosa. Agosti 2017 kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango, mahali penye kaya karibu 100,000. Muungano wa Wanavijiji, yaani shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na mashirika ya Akiba Mashinani Trust na SDI Kenya, walikuwa wameshakusanya takwimu na wakazi kwa miaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na chuo cha California cha Berkeley. Ushahidi wao ulionyesha kwamba mkazi wa Mukuru analipia maji na umeme bei ya juu kuliko mtaa rasmi, na anapata huduma mbovu zaidi. Baada ya tangazo, taasisi zaidi ya 40 ziligawanywa kwa sekta, na wakazi wakapangwa kwa vikundi vya kaya kumi kumi vinavyochagua mwakilishi. Tangazo lilizipa namba hizo mahali pa kisheria pa kutua. Huku kwetu, mahali hapo ni bajeti ya manispaa, kwa hiyo turudi kwenye kalenda.

Barua itembee Mei na Juni. Julai na Agosti mtaro upimwe ukiwa mkavu. Kwa nondo huo ndio wakati bora, hata kama kwa kina cha maji ni mbaya. Septemba wiki mbili za kusafisha data, si zaidi. Oktoba mapema ramani irudi mtaani, chapa kubwa ya A0 iliyowekwa laminesheni, itundikwe ofisini. Kaskazini isilazimishwe kuwa juu: barabara ya daladala iwe upande ule ambao mtu aliyesimama ofisini anaijua ilipo. Majina yawe ya watu wa hapo, kwa Mangi, kwenye mwembe, kalavati la sheli. Ramani ya kwanza huwa na makosa, na makosa hayo ni mtaji: mkutano unaobishania mahali pa kalavati umeshaichukua ramani kuwa yake. Acha kalamu zikining'inia kwa kamba, rudi baada ya wiki mbili, sahihisha. Novemba mwenyekiti aende nayo kwenye kamati ya maendeleo ya kata, akiwa na ukurasa mmoja: mita ngapi za mtaro, toroli ngapi za mchanga, makalavati yapi mawili yabadilishwe kwanza, na hesabu ya kina mama wanaovuka hapo na watoto kwenda kliniki kama ilipimwa. Ripoti ya kurasa 90 iendelee kuandikwa chuoni kwa ajili ya shahada, hakuna ubaya, ila isisubiriwe.

Kisha masika, wanafunzi wawili tu, nauli na vocha, waje siku moja baada ya mvua kubwa kabla alama za tope ukutani hazijaoshwa. Siku hiyo moja inasahihisha wiki nzima ya Julai.

Nondo yenyewe ibaki ofisini kwa mtaa, nyuma ya mlango. Februari, kabla ya masika, watu wawili wanaweza kupita mtaro wote asubuhi moja, wakigonga nukta zilezile na kuandika namba mpya pembeni mwa za zamani. Waanzie kwenye midomo ya makalavati na kwenye kona. Mchanga huanza kulala pale maji yanapopunguza mwendo, na mtaro ulionyooka katikati unaweza kuonekana safi hadi Aprili.